Kupiga kambi K'gari na 4x4: upepo wa tairi, saa ya maji na wale dingo

Tangu tumerudi K'gari kila wiki kuna mtu ananitumia meseji kuuliza tulifanyaje, na kila nikijibu kwa voisi nasahau kitu, kwahiyo naandika yote hapa sehemu moja. Ni ndefu lakini soma yote, maana kule kosa dogo tu gari linaliwa na bahari mnaliangalia hivi hivi.

Kwa wasiokijua, ni kile kisiwa cha Queensland kule Australia ambacho ramani za zamani zinakiita Fraser Island. K'gari ni jina la wenyeji wenyewe, Wabutchulla, maana yake paradiso, na lilirudishwa rasmi mwaka 2023. Hiyo K ya mbele haitamkwi kwahiyo kwa sikio letu linakaribia kabisa kusikika "gari", na kweli kule bila gari hufiki mbali. Ndo kisiwa cha mchanga kikubwa kuliko vyote duniani, urefu wake zaidi ya km 120, kimo kwenye urithi wa dunia wa UNESCO tangu 1992, na kinachonishangaza mpaka leo ni kwamba juu ya huo mchanga kumeota msitu wa mvua wenye miti mirefu na kuna maziwa kibao ya maji baridi. Njia za ndani ni mchanga, na barabara kuu ya upande wa mashariki ni ufukwe wenyewe, wanauita 75 Mile Beach, una spidi yake, una sheria zake, na ndege ndogo zinatua hapo hapo.

Sasa kabla ya hema kabla ya chakula, elewa vitu viwili, upepo wa tairi na saa ya maji. Mengine yote unaweza ukakosea ukalala tu vibaya, haya mawili ukikosea safari imeisha.

Tuanze na maji. Bahari inajaa mara mbili na kupwa mara mbili kwa siku, na kila siku inachelewa kama dakika 50 hivi, yaani leo maji yakipwa kabisa saa 3 asubuhi kesho itakuwa karibu saa 4. Ushauri unaotolewa kule ni kwamba usiendeshe ufukweni masaa 2 kabla ya maji kujaa kabisa na masaa 2 baada ya hapo. Kwahiyo unachukua jedwali la maji (idara ya hali ya hewa ya Australia wanalitoa mtandaoni bure), unatafuta saa ya maji kupwa, unapanga safari yako izunguke hapo. Mfano maji yamepwa kabisa saa 9 alasiri, basi yalijaa karibu na saa 3 asubuhi, ina maana kuanzia saa 5 asubuhi mpaka jua linapozama ufukwe ni wako, na giza likiingia uwe umeshafika kambini umetulia. Angalia na mwezi pia. Mwezi ukiwa mwandamo au mpevu ni bamvua, maji yanapanda juu sana na nafasi ya kupita inabaki nyembamba, na kama kuna upepo mkali wa baharini au mawimbi makubwa maji yanapanda kuliko jedwali linavyosema. Wakati wa maji mafu, yaani mwezi ukiwa nusu na maji hayapandi sana, unapumua kidogo. Mi ningekuwa na uhuru wa kuchagua tarehe ningeangalia mwezi kwanza ndo niombe likizo.

Na hili nalisema kwa uchungu, kubalianeni kwenye grupu mnatumia saa ipi. Sisi mtu aliandika tu "pantoni saa 8", wenye gari la kwanza wakaelewa 8 ile ya kwenye ratiba, yaani saa 2 asubuhi, wenye gari la pili wakaelewa saa 8 mchana kama tunavyosema siku zote. Walipofika maji yanakaribia kujaa, tukasubiri yapwe, yakapwa giza limeshaingia, ikabidi tulale bara tukavuka kesho yake, siku nzima ya kambi na kibali chake imekwenda. Andikeni asubuhi au mchana, kila mara, hata kama mnaona kila mtu anajua.

Upepo sasa. Kwenye lami tairi nyingi za 4x4 zinakaa kwenye 35 hadi 40 psi. Ukiingia mchangani hivyo hivyo tairi linakata kama kisu, linachimba. Ukishusha upepo tairi linalala, linakanyaga sehemu ndefu zaidi, uzito wa gari unatawanyika na linapita juu juu badala ya kuzama. Anzia 20 psi, gari likiwa limebeba sana au mchanga ni mkavu na laini shuka mpaka 18 au 16, na ukikwama kabisa unaweza ukaenda 15, ila hapo endesha polepole mno na usikate kona ghafla maana tairi linaweza likachomoka kwenye rimu. Pima tairi zikiwa zimepoa, ukitoka barabarani moja kwa moja zina joto na geji inasoma juu kuliko ukweli. Geji nunua nzuri, usitegemee jicho, na kompresa lazima uwe nayo yako mwenyewe kwa sababu kule kazi ya kutoa na kujaza upepo inajirudia.

Watu wengi wanaona uvivu kushusha upepo, wanasema ngoja tuone kwanza gari litapita. Tafadhali usifanye hivyo. Pale Inskip Point unapopandia pantoni za kusini mchanga wenyewe ni laini balaa, kuna watu wanazama hata kisiwani hawajafika. Shusha kabla hujaacha lami.

Gari lenyewe liwe 4x4 ya kweli, tumbo liko juu, ina zile giya za chini za ziada za 4x4 (low range). Zile gari ndogo zinazoendesha tairi zote nne lakini ziko chini chini hazifai kule, zitapita ufukweni pakiwa pagumu alafu zitakwama njia za ndani, tumbo limekaa kwenye kilima cha katikati tairi zinaning'inia. Nendeni magari mawili kama mnaweza. Sisi tulikuwa saba kwenye magari mawili na ilikuwa sawa kabisa, moja likizama lingine linavuta, na moja likiharibika watu wana pa kupanda.

Vibali ni viwili na vyote unachukua kabla, kibali cha gari kuingia na kibali cha kambi, vyote vya idara ya hifadhi na wanyamapori ya Queensland. Sikukuu na likizo za shule kambi zinajaa mapema sana. Kuvuka unaweza kupitia Inskip Point kwenda Hook Point, ni dakika 10 hivi, ila kule unashukia moja kwa moja ufukweni na kipande cha kwanza hakitaki maji yakiwa juu (kuna njia ya ndani ya kukwepa). Au unavukia River Heads kwenda upande wa magharibi wa kisiwa alafu unakatiza msituni mpaka ng'ambo. Kwa mtu wa mara ya kwanza mwenye gari lililobeba sana mi naona Hook Point ni rahisi mradi saa ya maji iko sawa, ile njia ya kukatiza msituni ina mashimo na mizizi, inachosha.

Kupakia. Vizito vyote chini na katikati, maji, betri, zana. Juu ya kerya weka vyepesi tu kama magodoro, na kama unaweza usiweke kitu kabisa. Ufukweni gari linapinduka kirahisi kuliko unavyodhani, uko kwenye 70, mchanga umenyooka, mara unakuta kijito kimekata ufukwe na kuacha ngazi ya mchanga ya nusu mita, dereva anashtuka anakata usukani, na gari lenye mzigo juu halisamehi. Spidi inayoruhusiwa pale ufukweni ni 80 na njia za ndani 30, ila hiyo 80 ni mwisho wa ruhusa, siyo lengo. Baada ya mvua vijito vinakata zaidi na mwanga wa mchana ukiwa mkali hauoni kivuli cha hizo ngazi kabisa. Sisi aliyekaa mbele pembeni ya dereva kazi yake ilikuwa moja tu, kuangalia mbele na kusema "kijito", simu hashiki. Na mikanda kila mtu afunge, pale ni barabara kisheria, polisi wanapima ulevi kama barabara nyingine.

Kuendesha: kaa kwenye ule mchanga mgumu wenye unyevu kati ya maji na mchanga mkavu. Usiendeshe ndani ya maji ya chumvi hata kama wenzako wanapiga picha nzuri hivyo, chumvi inaingia kwenye breki, kwenye nyaya, kwenye bearing, na utakuja kulia miezi sita baadaye. Fuata njia ya matairi ya waliotangulia. Mchanga laini unaupita kwa mwendo wa kutosha usiokatika, chagua giya mapema, usibadilishe katikati, mafuta kanyaga kwa utulivu. Kusimama usipige breki, achia mafuta gari lisimame lenyewe, maana breki inajenga vilima vya mchanga mbele ya tairi na kuondoka inakuwa shida, na ukiweza simama gari likiangalia mteremko. Kukutana na gari unakaa kushoto kama sheria yao ilivyo, ila ufukweni mara nyingine watu wanapishana kulingana na maji, kwahiyo washa indiketa mapema umwonyeshe mwenzio unapita upande gani. Ndege ikija unaipisha, usibishane nayo. Kijito kikubwa kama Eli Creek shuka kwanza, tembea uone kina na kingo zake, ndo uvuke polepole.

Kuna sehemu ufukwe una mawe, kama Poyungan Rocks, usijaribu kupita juu ya mawe au kuyazunguka kwa upande wa bahari, kuna njia ya kukwepa kwa ndani. Na ile njia ya kukwepa Indian Head kwenda Champagne Pools ina mchanga laini sana na watu wanazama kila siku, shusha upepo kidogo zaidi pale na subiri gari la mbele limalize kabisa kupanda kabla hujaanza. Zaidi ya hapo kaskazini kwenye Ngkala Rocks mi sikushauri kama ndo mara yako ya kwanza.

Mtazama. Hata mkiwa makini, mtazama, na hapo ndo utajua mna grupu la aina gani. Tairi ikianza kuzunguka bure ACHA MAFUTA hapo hapo. Kila sekunde unayokanyaga unajichimbia kaburi, mpaka chesisi ikalie mchanga. Kwanza jaribu kurudi nyuma kwenye njia yako mwenyewe, ile umeshaishindilia. Ikikataa wote washuke, chukueni koleo, toeni mchanga mbele ya tairi zote nne na chini ya tumbo, siyo tairi moja unayoiona imezama. Shusha upepo tena. Weka vile vibao vya plastiki vya kukwamulia mbele ya tairi, vikae vimebana, dereva atoke polepole, na watu wasisimame nyuma ya tairi kwa sababu kibao kinaweza kuruka. Mara tisa kati ya kumi kwetu ilitosha hapo, dakika 20 za koleo.

Kamba iwe ya mwisho. Na hapa naomba mnisikilize kwa makini: kamba ya kuvutia ifungwe kwenye sehemu maalum za kuvutia zilizoshikwa na chesisi, KAMWE usifunge kwenye ile bolu ya trela, kile kichwa cha chuma cha duara nyuma ya gari. Hiyo bolu ikikatika inaruka kama risasi, watu wameshakufa namna hiyo Australia. Lazeni blanketi au begi zito juu ya kamba katikati, wasio madereva wote wakae mbali, pembeni, zaidi ya urefu wa kamba yenyewe na nusu yake. Mtu mmoja tu ndo atoe amri. Tulipozama siku ya pili karibu na kambi kila mtu alikuwa fundi, huyu anasema mbele huyu nyuma, dereva akachanganyikiwa akazidisha kuchimba, tangu siku hiyo tukakubaliana anaongea mmoja wengine mnachimba.

Sasa dingo. Ni mbwa mwitu wa kule, Wabutchulla wanamwita wongari, mwembamba, rangi ya mchanga, anapendeza na anaonekana kama mbwa wa mtu. Siyo mbwa wa mtu. Mwaka 2001 waliua mtoto wa miaka 9 kwenye kisiwa hiki. Tatizo linaanza pale watu wanapowapa chakula, anazoea, anaacha kuogopa, anaanza kudai, na mwisho dingo mwenyewe anauawa na serikali kwa kosa la mtalii. Faini ya kumlisha ni zaidi ya dola 2,000 za Australia na mi naona ni sawa kabisa. Chakula chote, takataka zote, hata dawa ya meno na mafuta ya mwili, vinafungiwa ndani ya gari, siyo kwenye hema, na kulaboksi ifungwe kwa mkanda hata kama unaondoka dakika mbili. Viatu usiache nje, sisi jozi mbili zilienda usiku wa kwanza. Tembeeni kwa makundi, shikeni fimbo, watoto wawe umbali wa mkono. Akikukaribia usikimbie. Simama wima, mikono ikunje kifuani, mwangalie, rudi nyuma taratibu na ita wenzako. Kama mna watoto chukueni kambi zenye uzio kama Dundubara au Central Station, zile za wazi ufukweni ni nzuri sana lakini siyo kwa watoto.

Hizo za wazi hazina choo wala bomba. Bebeni choo cha kubebeka, kuchimba kina cha nusu mita mbali na kambi na maji kila mtu kila siku kunachosha na dingo wanafukua. Maji ya kunywa bebeni yenu, ukichota kule chemsha. Moto wa kuni usiwashe kambini, umeruhusiwa tu kwenye duara maalum za Dundubara na Waddy Point na kuni unakuja nazo, kwahiyo panga upishi wa jiko la gesi. Sisi tulipika vizito vyote nyumbani tukagandisha, vikawa ndo barafu ya siku mbili za kwanza, na chupa za maji ya kunywa nazo tuligandisha. Hema lisimame nyuma ya kilima cha kwanza cha mchanga kwenye sehemu zilizowekewa alama, siyo juu ya majani ya kilima maana hayo majani ndo yanashikilia mchanga usiondoke. Vigingi vya kawaida havishiki, nunua virefu vipana vya mchangani, au jaza mifuko mchanga, funga kamba, fukia. Kati ya Aprili na Oktoba ndo hali nzuri, usiku baridi kweli. Kiangazi cha kule, Desemba hadi Februari, kuna inzi wakubwa wanaouma mpaka damu.

Kuogelea, jamani, bahari ya pale iacheni. Ina papa, ina mikondo, hakuna mwokoaji. Ogeni Eli Creek, unaingia juu kabisa unalala maji yanakubeba mpaka ufukweni, au nendeni ziwa Boorangoora linaloitwa pia Lake McKenzie, mchanga mweupe wa silika na maji unayaona mpaka vidole vya miguu. Sabuni usitumie, na mafuta ya jua pakaa mapema yakauke au vaa tu nguo ndefu, maana lile ziwa linajazwa na mvua peke yake, unachoweka mle kinabaki mle. Chakula usipeleke ufukweni kwa ziwa, kuna eneo la kulia lenye uzio. Na ile meli iliyooza ufukweni, Maheno, piteni muione. Ilijengwa 1905, ikawa meli ya hospitali vita vya kwanza vya dunia, na 1935 ikiwa inavutwa kwenda Japani kukatwa chuma chakavu dhoruba ikakata kamba ikatupwa pale. Usipande juu yake wala kuingia, chuma kimebaki ganda.

Mafuta ya gari yapo kisiwani sehemu chache kama Eurong na Happy Valley ila mchanga unakula mafuta kuliko lami, jaza ukiwa bara. Mtandao wa simu unakuja na kupotea, kwahiyo redio za UHF (za kuongea gari kwa gari) kwenye kila gari, na mtu mmoja bara awe na ratiba yenu na ajue lini aanze kuuliza. Namba ya dharura Australia ni 000.

Siku ya kurudi ndo watu wanafanya makosa, wamechoka, pantoni inawangoja, wanasema tupite hivyo hivyo maji bado kidogo tu. Tiketi ikipita inapita, nunueni nyingine. Mkishuka bara jazeni upepo kabla ya kuingia lami ya spidi, tairi laini kwenye 100 linachemka na kupasuka. Alafu siku hiyo hiyo, siyo kesho, peleka gari likaoshwe chini kabisa, chesisi, ndani ya rimu, nyuma ya bampa, maji matamu mengi. Fungua na makapeti. Kamba ya kuvutia ioshe, ikauke kivulini, kagua kila sentimita, ikiwa imechanika hata uzi kidogo itupe usimwazime mtu.